Kwa Chelangat, Anayekwenda Kufuga Hamira

Chelangat mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda Litein kuwaaga marafiki zako, na mvua imekukuta kabla hujafika barabarani. Nimekuona kutoka dirishani ukijifunika kichwa kwa lile koti jipya ambalo tulikubaliana usilivae mpaka ufike Ulaya. Nimebaki na sanduku lako katikati ya sebule, limejaa mpaka zipu inakataa. Nina mchana huu wote mpaka saa ya kukamua, na nimeamua kuutumia kukuandikia, kwa sababu wiki nzima mdomo wangu umeshindwa.

Sitakuambia habari ya sweta, wala kula vizuri, wala kutafuta kanisa. Hayo umeshayasikia na utafanya unavyotaka. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa kuwa nimekifundisha darasani maisha yangu yote, na ndani yake ninaweza kusimama wima. Kipsigis chetu kingeniliza kabla ukurasa wa kwanza haujaisha, na machozi yangu hayatakusaidia kitu.

Niseme lile kubwa kwanza, nisije nikalizunguka mpaka mvua ikaisha. Nina uvimbe kwenye koo, kule chini, mahali pale pale ulipokuwa wa baba yako. Siku ile niliyokuambia naenda mkutano wa walimu wastaafu, nilikuwa hospitali na shangazi yako Rael. Waliniteremshia kamera, wakakata kipande kidogo, na majibu yamerudi. Ni saratani. Kesho unapanda ndege kwenda Uholanzi kuanza masomo yako ya udaktari wa falsafa, na mimi nilikuwa nimepanga uende bila kujua.

Rael ndiye aliyekataa. Tulikuwa bado kwenye lango la hospitali aliponishika mkono.

"Mlimficha huyu mtoto mara ya kwanza," akasema. "Hii ya pili mimi simo. Usipomwambia wewe, nitamwambia mimi, na unajua mimi sijui kuongea pole pole."

Unamjua shangazi yako. Akianza kuongea nyumbani kwake, wanaopima majani pale kituo cha chai wanamsikia. Nimeona heri kalamu yangu kuliko mdomo wake.

Sasa pumua kidogo, halafu uendelee kusoma. Kama umesimama, kaa.

Unakumbuka tulivyokuficha habari za baba yako, lakini hatujawahi kukueleza ilivyokuwa, na ningependa ujue kutoka kwangu. Ulikuwa kidato cha nne, bwenini. Yeye alianza kwa ugali. Tonge lilikuwa linasimama kifuani, anakunywa maji juu yake, anangoja, halafu anainuka na kusema, "Nimekula kwa shamba." Kwa shamba la chai hakuna cha kula, hata mtoto wa chekechea anajua. Nikamfuata siku moja nyuma ya jiko nikamkuta akimpa mbwa ugali wake kwa vipande, taratibu, ili mbwa asibweke. Tulitazamana. Nikageuka nikarudi jikoni.

Baadaye tukakubaliana, watu wazima wawili wenye akili zao, kwamba usijue mpaka umalize mtihani. Kosa letu halikuwa kukuficha wewe peke yako. Unajua kwetu kulivyo. Mtu akionekana hospitali asubuhi, mchana majirani wameshafika na sukari na maombi, na jioni habari imefika shuleni kwako. Kwa hivyo ili wewe usisikie, ilibidi daktari naye asisikie. Tulimtibu nyumbani kwa asali na kwa matumaini. Tulikuwa tunajisifu kwamba tunakulinda, na wakati huo ule uvimbe ulikuwa unapata nafasi yote uliyoihitaji.

Ulirudi nyumbani ukamkuta mlangoni, mshipi wake umetobolewa matundu mapya. Hukumsalimia hata. Ulimwangalia, ukaniangalia mimi, ukauliza, "Tangu lini?" Mimi nikajifanya naenda kuangalia chungu. Ulipita mtihani ule vizuri sana, jina lako likatajwa kanisani, na mimi sijawahi kuufurahia hata siku moja.

Likizo ile, hospitali ilipotuambia tumechelewa, ndipo tulipoanza kumpa mursik kwa wingi, maziwa yetu yaliyolala kibuyuni. Ulikuwepo, lakini ngoja nikukumbushe kwa macho yangu. Chai ilikuwa inamchoma, uji unamkaba, maji yanarudi. Maziwa ya kibuyu tu ndiyo yaliyoteremka. Na kwetu hayo ndiyo ya mgonjwa, kama yalivyo ya bibi harusi na ya mkimbiaji aliyerudi na medali. Nani angewaza mara mbili? Nilichagua kibuyu cha mama yangu, kile cheusi, nikakipaka ndani mkaa wa mti wa senetwet mpaka kikang'aa, nikayalaza maziwa muda mrefu kuliko kawaida. Mama alinifundisha kwamba yaliyolala sana ndiyo yanayofungua koo. Wewe ndiye uliyekuwa ukiyatikisa na kuyamimina. Ulikuwa unamshikia kikombe, unamfuta kidevu, na yeye anakushukuru kwa ile sauti iliyokwisha, "Kongoi, Chelangat." Mliendelea hivyo mpaka maziwa nayo yalipoanza kurudi.

Tulipokwisha kumzika, ukaenda chuo kikuu Nairobi, ukasoma biolojia, ukajifunza kwamba ndani ya maziwa yetu kuna hamira. Ni ndugu wa hamira ya mkate, wanaishi kwenye kuta za kibuyu na kurithishwa pamoja nacho, mama kwa binti. Ukajifunza pia kwamba baadhi yao huacha pombe kidogo kwenye maziwa, na kwenye hiyo pombe hutoka sumu nyingine. Jina lake uliniandikia nyuma ya kalenda ya kanisa, na mimi mpaka leo naiita ile sumu.

Disemba uliporudi, ulikaa na mimi siku mbili tatu bila kugusa kikombe. Asubuhi moja nikatoka nje nikakuta maziwa yote ya kibuyu cha mama yangu yamemwagwa kwenye migomba. Wewe ulikuwa umesimama hapo na kibuyu mkononi, kitupu.

Nilikuuliza, "Kwa hivyo ni mimi nilimuua?"

Hukunijibu. Ulikiweka kibuyu chini vizuri, kama mtu anayelaza mtoto, ukaingia ndani. Tukala Krismasi ile kama wageni wawili waliokutanishwa na mvua. Nilikuwa na hasira na wewe kwa muda mrefu, nataka ulijue hilo. Nilikuwa naamka usiku nakujibu peke yangu. Nilisema moyoni kwamba nimesomesha mtoto ili aje kunishtaki nyumbani kwangu.

Leo nataka nikushukuru kwa kutonijibu. Nilidhani unanihukumu kimya kimya. Ilinichukua muda kuelewa kwamba ulinyamaza kwa sababu hukuwa unajua, na hukutaka kusema usichokijua, hata ili kunifariji. Ungeweza kusema "hapana, Mama," na mimi ningelala. Hukusema. Watu wachache sana wangeweza kuvumilia kimya kile, na mimi ningekuwa katika nafasi yako nisingeweza.

Maana ukweli ni kwamba hakuna anayejua. Baba yako alikunywa chai inayochemka tangu utotoni, kwa sababu mwanamume anayepuliza chai kwetu anachekwa. Alilelewa katika jiko lisilo na dirisha, moshi mpaka machoni. Babu yako mzaa baba alikufa kwa koo. Na maziwa pia alikunywa. Kati ya hayo ni lipi? Au ni yote? Au ni lingine ambalo hakuna aliyelifikiria? Umewahi kuniambia kwamba wataalamu wenyewe bado wanabishana, na ulikuwa unaongea kwa uchungu, kama mtu aliyenyimwa jina la mwizi.

Hapo ndipo penye hofu yangu, na ndiyo sababu hasa ya barua hii. Ugonjwa ningeweza kukutangazia kwa mistari miwili.

Nakumbuka siku uliyorudi kupatana na mimi. Hukusema samahani, hujawahi kuwa mzuri katika hilo, umelitoa kwa baba yako. Ulikuja jikoni nikichagua maharagwe, ukachukua maharagwe matatu, punje mbili za mahindi na kifungo cha shati, ukavipanga mezani. Ukasema, "Mama, acha nikuonyeshe kile nataka kufanya." Haragwe la kwanza lilikuwa jeni inayolinda mlango: sumu ikija inaamka, sumu ikiisha inalala. La pili ni jeni inayotengeneza kimeng'enya, yaani fundi wa kuivunja ile sumu. La kwanza likiamka linaliamsha la pili. Punje za mahindi zilikuwa njia ya kurudisha habari: kazi ikiisha, la pili linalinyamazisha la kwanza, ili hamira isijichoshe bure. Haragwe la tatu lilikuwa la kifo. Hamira ikitoka nje ya kibuyu, ikaingia mtoni au tumboni kwa ng'ombe, ijiue yenyewe. Kifungo kilikuwa sumu. Ulikuwa unakisogeza, na maharagwe yanaamka moja baada ya jingine chini ya kidole chako.

Nilikuuliza kama ni halali kumwekea kiumbe cha Mungu swichi. Ukacheka, ukasema kiumbe cha Mungu kimejaa swichi tayari, wewe unaongeza nyingine chache tu. Halafu ukaniambia kwa nini. Unataka siku moja mtu aweze kunywa mursik ya mama yake, kwa ladha ile ile, na hamira zenyewe ziwe zinasafisha zinapochafua. Nilielewa. Hukutaka kukivunja kibuyu, ulitaka kukiponya. Hapo ndipo hasira yangu iliisha, ingawa nilijifanya naendelea kuchagua maharagwe, na yale yako matatu nikayatupa chunguni pamoja na mengine. Tangu siku hiyo watu wakiniuliza binti yangu anafanya nini, nasema anafuga hamira. Wanadhani una duka la mikate.

Nakumbuka pia siku uliyonipigia simu ya video ukiwa maabara, umevaa miwani ile mikubwa. "Mama, imewaka! Cheki, iko green kabisa!" Ukanionyesha kitu cha kijani kwenye kioo, na mimi nikapiga vigelegele peke yangu shambani mpaka Rael akaja mbio na jembe. Ulikuwa umeifundisha hamira iwake kijani kila inapoionja sumu. Wiki chache baadaye ukanipigia tena bila video. Ilikuwa inawaka hata bila sumu. Ilikuwa inawaka kwa sababu ya sukari uliyokuwa unailisha. Ulilia kama mtoto, halafu ukaniambia umeshamwambia msimamizi wako, umemwandikia asubuhi hiyo hiyo kabla hajagundua. Siku ile ilipowaka nilifurahi. Siku hii ya pili nilijivunia wewe. Sijui kama nilikuambia, kwa hivyo nakuambia sasa.

Na ile ya mwisho, iliyokuvunja moyo zaidi, nimeifikiria sana tangu niugue. Mtandao wako wa jeni ulifanya kazi vizuri, ukapimwa, ukapimwa tena. Halafu ukaziacha hamira zizaliane kizazi baada ya kizazi, na ulipozirudia ukakuta nyingi zimeuacha. Uliniambia kwamba kulinda ni mzigo. Hamira inayobeba ulinzi inakua pole pole, na ile inayoutupa mzigo inanenepa, inazaa haraka, inajaza chombo. Mwishowe chombo kimejaa wale wasiolinda chochote, na kwa macho wanafanana na wengine.

Nilikusikiliza nikasema pole, nikakuuliza kama umekula. Lakini mwanangu, ulikuwa unanieleza mimi.

Baba yako alipokufa, kila nilichomeza nilikisikiliza. Kipande cha viazi kikichelewa kidogo, moyo unaruka. Nikikohoa, najiangalia kwenye kioo. Nilikuwa kama ile hamira yako ya kwanza, nawaka kwa sukari. Nilipungua mpaka walimu wenzangu wakadhani nina kisukari. Huwezi kuishi hivyo. Basi nikachoka, na nilipochoka sikupunguza, nilizima kabisa. Nikasema sitaki kusikia habari ya koo tena, wala ya hospitali. Nikaanza kula kwa furaha, nikanenepa, nikaimba kwaya. Watu wakasema mwalimu amepona msiba.

Kwa hivyo mwaka huu ugali ulipoanza kusimama, mimi niliyeona kila hatua ya baba yako, mimi niliyejua jina la kila hatua, nilikunywa maji juu yake nikaendelea. Nilijiambia nakula haraka mno. Nilijiambia ni meno. Nilianza kuponda viazi vyangu kwa uma na wewe uko mezani, na nikakuambia ni uzee, nawe ukanitania kwamba nirudi kwa uji wa watoto. Usijilaumu kwa utani ule. Niliupenda, ulinisaidia kujificha. Siku moja Rael alikuja ghafla akanikuta nimeshika ukingo wa sinki nangoja tonge literemke, na yeye hakutaka maelezo. Alichukua mkoba wangu na kitambulisho changu akasema tunaondoka.

Daktari ni msichana, labda umri wako. Aliniita mwalimu, wote wananiita hivyo. "Mwalimu," akasema, "hii tumeipata mapema kidogo kuliko ile ya mzee. Si mapema vile ningependa. Siwezi kukudanganya." Kutakuwa na dawa za mishipani, halafu waangalie kama wanaweza kupasua. Isipowezekana watanitia mrija ndani ya koo ulishikilie wazi ili chakula kipite. Nilimuuliza uwezekano wa kupona, akaniangalia vizuri akasema kwamba wako wanaopona na wako wengi zaidi wasiopona. Nilimpenda kwa jibu hilo. Nilitoka pale nikatapika kwenye maua yao.

Naogopa, Chelangat. Nimeyaona yote kwa baba yako na najua yanakoelekea. Naogopa njaa kuliko kifo, maana nilimwona akilia mbele ya sahani ya viazi. Mchana najifanya mwalimu, na usiku naomba Mungu maombi mafupi yasiyo na adabu. Sikuandikii haya unihurumie. Nakuandikia kwa sababu sisi wawili tulishaishi mara moja katika nyumba ambayo kila mtu alikuwa anajifanya, na sitaki kufia ndani ya nyumba ya namna hiyo.

Sasa nisikilize juu ya hamira zako, kwa maana hapa ndipo ninapotaka kuwa mzazi kidogo.

Nakujua. Ukimaliza ukurasa huu utataka kufanya moja kati ya mambo mawili. La kwanza ni kufungua sanduku na kukaa. La pili ni kwenda, lakini uende mbio. Ufike kule ufanye kazi usiku na mchana, ukiniona mimi ndani ya kila kioo, ukitaka hamira ilinde, ivunje sumu, idumu, kabla ya mimi kufika pabaya. Hilo la pili linanitisha zaidi.

Hamira zako haziwezi kuniwahi. Hata zikifanya kila ulichozipangia, haziwezi. Uvimbe wangu umeshakuja, na maziwa ya kesho hayawezi kuurudisha. Mtu anayekimbizana na mama yake anayekufa atauona mwanga wa kijani hata pale ambapo hakuna. Ataiamini sukari. Hatamwandikia msimamizi asubuhi ile ile. Na kwa uchungu wake ataleta kitu ambacho hakijakomaa, akimimine kwenye vibuyu vya Litein na Siongiroi na Chepseon, kwa sababu wanawake wa huko ni mama zake na anataka kuwawahi. Sisi tumeshapewa vitu vingi kwa upendo bila kupimwa. Mimi mwenyewe nilimpa baba yako maziwa kwa upendo, na mpaka leo hakuna anayeweza kuniambia nilimpa nini.

Pia usiende kule kumtafuta aliyemuua baba yako. Nakuomba sana. Ukimtafuta utampata, atakuwa amekaa mahali pale pale unapomtaka akae. Kama kazi yako itaonyesha kwamba ni maziwa, andika kwamba ni maziwa. Usinifunike. Andika hata kama ni kibuyu cha mama yangu na mkono wangu, na mkono wako uliokuwa umeshika kikombe. Na ikionyesha kwamba maziwa hayakuwa na neno, andika hivyo pia, na ukubali, hata kama utakuwa umetumia ujana wako kwenye mlango usio wenyewe. Mimi jibu lolote naliweza sasa. Wewe ndiye unayepaswa kujizoesha kuliweza.

Ulipokuwa mwaka wa tatu uliniomba hamira kutoka kwenye kile kibuyu nikakukatalia, nikasema mama yangu si kitu cha maabara. Sikatai tena. Fuateni njia zenu za vibali, na Rael atawapa. Nimemwambia. Amesema kwanza ataosha kibuyu kwa sabuni kiwe safi kwa wazungu, ikabidi nimwelezee kutoka mwanzo, na sina hakika ameelewa. Umpigie simu wewe.

Juu ya kwenda au kukaa, nilitaka kukuamulia. Nimeandika sentensi tatu hapa na nimezikata zote, unaona wino. Ya kwanza ilikuwa inakuamuru uende. Ilikuwa na sauti nzuri ya kishujaa, na haikuwa kweli yote, kwa sababu kuna mimi mwingine ndani yangu anayetaka kukushika nguo usitoke mlangoni. Ya pili ilikuwa yake huyo. Ya tatu ilikuwa inasema vyovyote ni sawa, na huo ulikuwa uongo mtupu.

Ninalojua ni hili. Mara ya kwanza tuliamua kwa niaba yako, na ulipojua, hapakuwa na kitu kilichobaki cha kuamua. Safari hii umejua wakati kuna kitu. Ukienda, Rael atanipeleka hospitali, na mimi nitakuambia kila kitu kwenye simu, hata siku mbaya, hata ukiwa na mtihani. Huenda usinikute ukirudi. Hilo nalo nimeliandika ili lisiwe limefichwa. Ukikaa, sitakufukuza wala sitakushukuru kila siku, na ile nafasi yako huenda wasikuwekee, na siku nitakapokuwa nimekwisha ondoka utaamka katika nyumba hii ukiwa na vibuyu na migomba. Kama ungeniuliza moyo wangu unaegemea wapi, ningesema nenda. Ningelisema hilo nikilia, na nisingependa kuulizwa mara mbili.

Ukienda, nenda pole pole, lakwennyun, mtoto wangu. Uikawize kazi kadiri inavyotaka kukawia. Ikichukua miaka yako yote, ichukue. Ikishindwa, ishindwe na useme imeshindwa. Usiifanye hamira ibebe haraka yangu, imeshabeba mengi. Mimi siwezi kungoja, lakini kazi inaweza, na nakuachia ruhusa hiyo kwa maandishi ili usije ukasema hukupewa.

Mvua imepungua na ng'ombe wameanza kuita. Hii nitaiweka juu ya kitanda chako. Nilifikiria kuitia sanduku uikute Uholanzi, halafu nikaona aibu. Utaisoma leo, kungali mchana, ukiwa na mahali pa kunifuata.

Nitakuwa zizini. Ukishasoma, njoo, lakini usije mbio na usinishike shingo nikiwa nimeinama, kwa sababu huyu mweusi akishtuka anazuia maziwa mpaka kesho. Yule mwekundu nimekuachia wewe, hajakamuliwa. Ndoo yako iko juu ya ukuta. Mkamue mpaka umalize. Halafu tutalia.

Mama yako